Kiti cha Nyuma Kiachwe Wazi

Sauti ilitangulia. Nyuma ya ukuta wa mabati mtu alibonyeza stata, injini ikakohoa mara mbili, ikashika, na juu ya mngurumo wake ukapanda mlio mwembamba wa bati likigonga chuma, tiriri, tiriri, kama kijiko kinachozungushwa ndani ya kikombe kitupu. Odero aliganda. Mkono wake ulikuwa umeshashika komeo la lango, na nyuma yake lori la mchanga lilikuwa likipita kwenye Barabara ya Ngong, likimpulizia moshi mgongoni. Lori hakulisikia. Alisikia kijiko ndani ya kikombe.

Mlio huo aliujua. Kwa miaka mitatu aliusikia kila Jumamosi asubuhi ukishuka kutoka kwenye lami hadi mbele ya karakana yake ya kuchomelea vyuma kule Kabiria. Kaka yake Clifford alikuwa akizima injini, akivua helmeti, akisema, "Hili bati la ekzosi utalikaza lini, wewe fundi wa maneno?" Naye Odero alijibu kwamba mwenye pikipiki ndiye hana wakati. Hawakulikaza. Clifford alikuwa amekufa mwaka mmoja kasoro wiki mbili.

"Kila pikipiki ina bati," Odero alijiambia, akasukuma lango.

Uwanja ulikuwa mdogo, upande wa Jamhuri, pikipiki kama ishirini zimesongamana chini ya turubai la buluu. Dalali mwenyewe, Waweru, alikuwa ameinama juu ya ile iliyokuwa ikinguruma. Alikuwa mtu mnene mwenye koti la ngozi lililokataa kufungika. Alipoona mteja aliizima, akajifuta mikono, akamkagua Odero kuanzia viatu kwenda juu kama fundi cherehani anayepima kwa macho.

"Karibu, bosi! Sema. Unataka ya bodaboda ama ya kuringa?"

"Ya safari ndefu."

"Ndefu kama ya wapi? Naivasha?"

"Loiyangalani."

Waweru alipiga mluzi. "Ziwani kule Turkana? Bosi, huko hata punda hutoka nyumbani na chupa ya maji. Umekosana na nani?"

Odero hakucheka. Wiki tatu alikuwa akizunguka Nairobi akitafuta pikipiki, na alikuwa amejifunza mengi kuliko alivyotaka. Kubwa sana haifai: ikilala kwenye mchanga, mtu mmoja hawezi kuiinua. Ndogo, ile ya kubeba abiria mtaani, itachemka kabla ya kufika Maralal. Ya katikati, basi, injini ya cc mia mbili hamsini hadi mia nne. Iwe na vipuri vinavyopatikana Kirinyaga Road. Iwe na tangi la kumtoa Maralal hadi ziwani bila kumpigia mtu magoti kwa petroli. Hayo alifundishwa na Nzuki, fundi wa mjini aliyekuwa akiitengeneza pikipiki ya Clifford. Sharti moja tu halikutoka kwa Nzuki. Lilitoka kwa mama yake: kiti cha nyuma kisibebe kitu.

Kwao, mtu akifia njiani, ndugu yake huenda mpaka pale alipoangukia. Humwita kwa jina lake. Humwambia twende nyumbani, huchota udongo wa pale, hurudi naye. Clifford hakuendewa. Odero na mjomba wao walifika Maralal, wakautoa mwili mochari, wakageuza gari. Pale penyewe palikuwa mbele zaidi, baada ya Baragoi, siku nzima ya mawe, na siku ya mazishi ilikuwa imeshatangazwa. Walimzika vizuri, kwa nyimbo na kwa jeneza lenye vioo. Mama yao, Phoebe, alisimama kaburini akatazama udongo ukiingia, akasema maneno mawili tu: "Mmezika nguo."

Tangu siku hiyo hakutulia. Kila akipakua chakula, mkono wake ulienda kwenye sahani ya tatu. Mwezi uliopita alimwita Odero akamketisha.

"Mwanangu bado amesimama kule juani," alisema. "Mvua ikianza, mito ya mchanga itajaa na njia itafungwa. Utaenda kabla. Na usiende na gari. Aliondoka hapa kwa pikipiki, kwenye basi hatapanda. Kiti cha nyuma kiachwe wazi. Huwezi kumwalika mtu kisha umkalishe juu ya mtungi wa petroli."

"Sawa, Mama."

"Na mwenye neno kifuani haendi kumwita mtu. Akifika na neno, aliyekufa atamtazama tu. Hasogei." Phoebe alikuwa akimtazama. "Wewe huna neno naye?"

"Sina, Mama."

Alikuwa nalo. Lilikuwa na ndevu na kwato nne.

Kule Maralal polisi alikuwa amemwambia Odero jambo waziwazi: mkia wa pikipiki ulikatika, ukakalia gurudumu la nyuma, gurudumu likasimama ghafla, mtu akarushwa kwenye mawe. Mjomba alikuwa mochari akitia sahihi, hakusikia. Odero alisikia. Na Odero ndiye aliyeichomelea keria ya chuma kwenye mkia ule, wiki moja kabla ya safari, ili Clifford abebe mitungi miwili ya petroli, maji, hema na sufuria. Nzuki alikuwa ametuma onyo: "Mwambie afunge kwa bolti. Asichome mkia wa fremu." Odero alicheka mpaka miwani ya kuchomelea ikamteleza puani. "Mwambie huyo mzee bolti ni za wasiojua kuchoma. Kazi ya Odero haikatiki!"

Mabaki yalikuwa nyuma ya kituo cha polisi, yamefunikwa turubai. Fundi mmoja wa Maralal aliomba kuyanunua. Odero alikubali bei ya kwanza, na hakuinua turubai. Aliporudi Nairobi na watu wakamuuliza ilikuwaje, alisikia mdomo wake ukisema, "Mbuzi alikatiza barabara." Basi mbuzi akazaliwa. Tangu siku hiyo nyama ya mbuzi haikuingia nyumbani kwa Phoebe, hata Krismasi.

"Bosi, umelala ukisimama?" Waweru aliuliza. "Nakuonyesha mali wewe unaangalia mawingu. Hii hapa ndiyo ya huko kwenu kwa punda." Alilipiga tangi kofi. "Mia mbili hamsini. Inapanda ukuta. Keria iko tayari, tena ya chuma kizito, utabeba hata mke na ng'ombe wake."

Odero alisogea. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, inayong'aa kama kiatu cha askari. Lakini pembe ya bamba la namba ilikuwa imejikunja, na namba zilikuwa zile za Clifford. Ncha za keria zilikunjwa kwa ndani kama pembe za kondoo dume. Hakuna fundi mwingine Kabiria aliyemaliza kazi hivyo. Hiyo ilikuwa sahihi yake.

Aligusa ncha moja. "Mwenyewe alikuwa nani?"

"Daktari. Aliitunza kama mtoto. Ameenda ng'ambo."

"Atarudi?"

"Wanaoenda hurudi, bosi? Ashazoea huko."

"Na hii rangi?"

"Daktari alipenda nyeusi. Watu wa heshima."

Clifford alipenda nyekundu. Alisema mtu anayekufa barabarani ni yule ambaye hakuonekana.

Odero angeweza kuondoka. Lango lilikuwa wazi, na kule mjini kulikuwa na pikipiki nyingine ambayo Nzuki alikuwa amemwekea. Hakuna aliyejua kwamba amekuja hapa. Lakini mwaka mzima alikuwa amelala na turubai lile juu ya uso wake, na sasa lilikuwa limeinuliwa ncha moja. Je, ni mkono wake? Au ni mawe, ni mzigo, ni mwendo, ni chuma kibovu kilichotoka kiwandani? Chini ya kiti hiki kulikuwa na jibu, limepakwa rangi.

"Nataka fundi wangu aione. Yuko Kirinyaga Road."

"Hakuna shida. Lakini mimi na hii mali hatuachani." Waweru alikuwa ameshavaa helmeti. "Nakaa nyuma."

"Panda matatu. Nitakukuta huko."

"Unikute huko na nini, na picha yake? Endesha, bosi, tusicheke na kazi."

Akapanda. Mkia ulishuka, na Odero akausikia ukilalamika kwa sauti ndogo, ng'ii, mahali hasa alipojua ungelalamikia.

Hakuwahi kuendesha polepole namna ile. Alishika ukingo wa kushoto kama mwanamke mwenye ndoo kichwani. Matatu zilimpigia honi, bodaboda zikampita zikimcheka, na Waweru akampigia kelele sikioni, "Hii ni pikipiki ama ni wilibaro? Ongeza!" Kwenye kila tuta Odero aliinuka kidogo kutoka kitini, kana kwamba uzito wake mwenyewe ukipungua chuma kitasamehe. Nyuma yake mtu alikuwa akiimba. Mtu mzima, mwenye koti, mwenye pumzi, amekalia chomeo lile la keria.

Walipita chini ya majengo ya Upper Hill. Katika moja la hayo, ghorofa ya tisa, Clifford alikuwa karani wa bima. Kutwa nzima alisoma ajali za watu wengine, na jioni alifungua ramani. Ziwa lile alikuwa amelizungushia duara kwa kalamu nyekundu. "Nikirudi," alimwambia Odero, "utanunua yako, twende wawili." Kabla ya hapo walikuwa wamepita mzunguko wa mochari. Waweru alinyamaza hapo, kama watu wengi wanyamazavyo, kisha akaendelea na wimbo.

Nzuki alifanyia kazi kwenye ukingo wa barabara, kati ya duka la tairi na duka la minyororo, amekalia kreti la soda. Alikuwa mwembamba wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa mpira wa tairi. Kabla hawajasimama, kijiko kiligonga kikombe, naye akainua kichwa. Alizima redio. Hakusalimu.

"Umeitoa wapi?" aliuliza.

"Niaje, mzee!" Waweru alishuka akijinyoosha. "Kumbe mnajuana na mali yangu?"

"Nimeibadilishia pistoni mara mbili," Nzuki alisema, macho yake kwa Odero. "Unataka nifungue?"

"Fungua, fundi."

Ilikuwa bolti mbili tu. Kiti kilitoka, na mkia wa fremu ukaonekana, mabomba mawili membamba yamepakwa nyeusi nzito. Nzuki hakuyagusa. Aliokota brashi ya waya, akaigeuza mpini ukiwa upande wa Odero.

"Sugua mwenyewe. Ni kazi yako."

Odero alipiga goti kwenye lami, akasugua. Rangi ilitoka kwa vumbi jeusi, kisha ikaonekana nyekundu chini yake, nyekundu ya Clifford, kisha chuma. Kwanza aliona chomeo lake. Lilikuwa zima. Magamba yake yamelaliana sawasawa kama ya samaki, hayana tundu, hayana ufa; mtu angeweza kulipeleka kwenye mtihani wa chuo.  Kazi ya Odero haikatiki! Kwa pumzi moja alikuwa mtu huru.

"Endelea," Nzuki alisema.

Alisugua upana wa kidole kimoja zaidi. Hapo palikuwa na chomeo la pili, nene, baya, limelizunguka bomba kama kovu la shingo. Yule fundi wa Maralal alikuwa ameunganisha mahali pale bomba lilipoachana vipande viwili. Halikuachana pale mawe yalipoligonga wala kwenye mpindo. Liliachana ubavuni mwa chomeo la Odero, likiufuata ukingo wake kama kitambaa kinavyochanika kando ya mshono. Bomba la pili lilikuwa vilevile.

"Bomba hili ni jembamba," Nzuki alisema kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mgonjwa. "Ukilichoma, pale unapochoma panakuwa pagumu, na kando yake chuma kinakufa. Mjini utazunguka nalo miaka. Lakini njia ya kule imekunjamana kama bati. Inatikisa, inatikisa, mchana kutwa, na petroli imekaa juu yake. Ndiyo maana nilisema bolti." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Chomeo lako halikukatika, kijana. Lilikata."

Mjini hapakunyamaza. Mkokoteni ulipita, mtu akatukana, mtu akanunua tairi. Odero alibaki na goti moja chini na brashi mkononi. Mwaka mzima alikuwa ameogopa kuikuta kazi mbaya. Hakuwahi kufikiri kwamba ataikuta nzuri.

Waweru alikuwa amevua helmeti. "Kwani... huyo mwenyewe..."

"Alikuwa kaka yangu," Odero alisema. "Ameenda mbali. Hapo hukudanganya."

Dalali alitazama barabara, akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa maneno, na yalimwishia. Lakini hakuwa mtu wa kufunga duka. "Pole, bosi. Kweli, pole. Mimi nilinunua ikiwa imeshapakwa, sikukwaruza. Sasa..." Alikohoa. "Sasa kama huitaki, kuna mwalimu wa Riruta anakuja Jumamosi. Ashaipenda. Anataka ya kwenda kwao na mkewe likizo."

"Mkewe atakaa wapi?" Nzuki aliuliza.

"Si hapo nyuma, wapi tena?"

 Nzuki alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Kaindi. Mlangoni palisimama pikipiki ya mia tatu, kijivu, imesimama wima kama punda aliyeshiba. "Ile niliyokuwekea ndiyo hiyo. Tangi lita kumi na nane, hutahitaji mtungi. Mkia wake umefungwa kwa bolti tangu kiwandani. Nyepesi, utaiinua peke yako. Kwa safari yako, katika Nairobi hii yote, sijaona nyingine bora. Lakini pesa zako najua zinatosha moja tu."

Odero aliitazama ile ya kijivu, na alijua kila neno lilikuwa kweli. Ingemfikisha. Angesimama baada ya Baragoi, aite jina, achote udongo, arudi. Mama yake angetulia. Mbuzi angeendelea kuishi. Na Jumamosi mwalimu wa Riruta angelipa, mkewe angekunja kitenge vizuri na kukaa juu ya chomeo la Odero, na mahali fulani kwenye njia mbovu ya mashambani, mwaka huu au mwaka ujao, mtu mwingine angetafutiwa mbuzi.

Akasimama. Magoti yake yalikuwa meusi.

"Nachukua hii."

"Odero," Nzuki alisema, "hii haifiki hata Nyahururu."

"Najua. Uliwahi kuniambia una fremu nzima ya aina hii."

 Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole, na Odero akajua amekubali. "Ninayo. Injini yake ilikufa, karatasi zake ziko sawa. Nitahamisha kila kitu, siku nne. Tangi ni dogo, kwa hiyo petroli ya ziada itakaa mbele, kwenye vyuma vya kukinga injini, lita tano kulia na tano kushoto. Hivyo vyuma utaviunda wewe."

"Kwa bolti," Odero alisema.

"Kwa bolti."

Waweru alitaja bei, akaitazama fremu, akaishusha bei mwenyewe bila kuombwa, na akaishusha tena. Alipoondoka alimpa Odero mkono kwa mikono miwili. Odero aliomba msumeno wa chuma. Alikata kipande cha bomba chenye machomeo yote mawili, lile zuri na lile baya, urefu wa kiganja. Ilichukua nusu saa. Chuma kililia muda wote, na Nzuki hakuiwasha redio.

Alifika Kabiria jua likiwa bado juu. Mama yake alikuwa mbele ya nyumba, amekalia kigoda, sinia la omena mapajani, akichagua vichwa na mchanga. Mbuzi wa jirani yao mama Jacklyne, mweupe, mwenye kamba iliyokatika, alikuwa akinyemelea maganda karibu na pipa. Phoebe aliokota jiwe bila kuinua macho, akatupa, akampata ubavuni.

"Toka hapa, muuaji!"

"Mama, mwache."

"Nimwache?" Aligeuka, akamwona magoti. "Umeanguka? Pikipiki umepata?"

"Nimepata." Odero hakuketi. Maneno alikuwa ameyapanga tangu mjini, yalikuwa na mpangilio mzuri, na yote yalikimbia. "Mama, hakukuwa na mbuzi."

Vidole vya Phoebe viliendelea kuchagua. Omena mmoja, wa pili, wa tatu. Ndipo vikasimama.

"Sema tena."

"Hakukuwa na mbuzi. Nilimtunga mimi. Pikipiki ilikatika." Alitoa kipande cha bomba mfukoni, akakiweka juu ya sinia, katikati ya omena, kwa kuwa mikono ya mama haikunyooka kukipokea. "Chomeo hili zuri ndilo langu. Bomba lilikatikia hapa, kando yake. Nzuki alinikataza kuchoma, nikamcheka. Niliambiwa Maralal, siku ileile, nikanyamaza. Niliiuza bila kuitazama ili nisijue."

Phoebe alipitisha kidole gumba juu ya chomeo, taratibu, kama aliyekuwa akisoma. Kidole kilivuka magamba laini, kikafika kwenye kovu, kikarudi.

"Ni zuri kweli," alisema.

Odero alitaka mama ampige. Alitaka jiwe lile lililompata mbuzi.

"Mwaka mzima," Phoebe alisema. Sauti yake haikupanda. "Mwaka mzima nimemlaani mnyama wa mama Jacklyne. Nimekataa kula kwa watu. Nimekaa kanisani na mbuzi kichwani. Na wewe unakaa hapo mezani, unakula ugali wangu, unaniangalia."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuuliza kama una neno."

"Uliniuliza."

"Ukasema huna."

 Mbuzi alikuwa amerudi penye maganda, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Phoebe alilia bila kufunika uso, machozi yakimtiririka hadi kidevuni na kuangukia sinia, na Odero alisimama mbele yake kama mtu aliyeambiwa asubiri nje ya ofisi. Hakuthubutu kumshika. Baadaye, mama alipokwisha kulia, alikiinua kile kipande cha chuma, akakipima uzito mkononi, akamrudishia.

"Nilizaa wawili," alisema. "Mmoja yuko kule juani. Sina wa tatu wa kumtuma, Odero. Kama ningekuwa naye, usingeenda wewe."

"Najua."

"Atakutazama tu. Hatasogea."

"Basi nitamwambia kwanza."

"Utamwambia nini? Hapa hapa, niambie mimi, nisikie. Nisije nikakutuma na mdomo ule wa mbuzi."

Odero alipiga magoti yake meusi kwenye vumbi, mbele ya kigoda. Kile chuma alikishika kwa mikono miwili. Aliposema, alisema kwa sauti kubwa, mpaka mama Jacklyne akatoka mlangoni kwake kusikiliza, naye hakuipunguza.

"Mama, nitaenda kabla ya mvua, na pikipiki yake, na kiti cha nyuma kitakuwa wazi. Nitasimama pale alipoangukia, niweke chuma hiki chini. Kabla sijaliita jina lake, nitataja langu, na nitamwambia nilichofanya. Na asiposogea, sitarudi hapa kukudanganya kwamba amepanda."